Upande wa Kulia

Zloti themanini na tisa, na risiti.
Boksi limebonyea pembeni, ndiyo maana wakanipunguzia.
Hedifoni za waya, mita mbili, umevikwa uzi mweusi wa kusokota,
umejikunja kama nyoka aliyezaliwa humohumo boksini
na haukubali kunyooka, hata nikiuburuza kwenye goti.

Mito ya masikio ni ngozi bandia. Nusu saa tu
natoka jasho, mimi niliyekaa kando ya dirisha lenye barafu.
Hazibani. Ila plastiki inalia nikigeuza shingo,
kwi, kwi, kama benchi la kanisani wakati wa mahubiri.

Mdogo wangu Ziemowit ndiye mtu wa vita.
Alizivaa, akazima taa, akazama kwenye gemu,
nikamwona anageuka kabla adui hajatokea:
"Nyuma, kushoto, ngazini. Wawili. Mmoja anachechemea."
Kisha kwangu, bila kunitazama:
"Bogna, milio ya risasi ni makopo matupu.
Lakini nyayo! Nyayo nazisikia."
Nikaandika daftarini: nyayo, nzuri.
Maiki: wenzake wa Gdańsk wanalalamika
kwamba anaongea akiwa ndani ya sufuria ya kabichi.

Kwa muziki, nilisubiri walale.
Besi imenona mno, imekaa mlangoni kama mgeni mnene,
mwimbaji inabidi apenye ubavu ubavu.
Matoazi yanachoma. Cha rahisi ghali, nikajisemea,
nikakaribia kuzirudisha boksini;
halafu nikasikia mwimbaji akivuta pumzi kati ya mstari na mstari,
pumzi ambayo spika ya jikoni imeimeza miaka yote.
Nikakaa nazo mpaka tramu ya kwanza.

Ndipo baba akaamka kuchoma mkate.
Alojz, wa mgodi wa makaa.
Baruti ya mwaka wa tisini na moja ilimchukua sikio la kulia,
wakamtoa chini, wakamweka chumba cha taa,
nasi tukazoea kumkalia kushoto, kumwita kushoto,
kugombana naye kushoto.
Sikio la kufa halisikii dawa.
Lake halikusikia ya daktari wa Bytom,
wala mafuta ya moto ya bibi.

Hakuuliza bei. Aliushika waya kwanza.
"Huu naujua."
Taa ya mgodini ilikuwa na waya wake,
kutoka kofiani hadi betri ya kiunoni.
"Kilichofungwa hakikuachi njiani," akasema.

Nikamwekea wimbo wa ile kanda ya mama,
aliyomnunulia alipotoka hospitali,
akaisikiliza kwenye basi la zamu miaka kumi na minne
kwa kisikilizio kimoja, kingine kikining'inia kifuani.
Akasikiliza kidogo. Akazivua.
"Upande mmoja mbovu. Rudisha dukani."

Nikazivaa. Kushoto kodiani, kulia kinanda.
Nzima, pande zote.
Sikujua nimwambie vipi ubovu uko wapi.
Nikazigeuza tu, mbele nyuma,
maiki ikaelekea kisogoni,
upande wa kulia ukalifunika sikio la kushoto.

Kijiko kikasimama ndani ya kikombe.
"Nani huyo?"
Nani?
"Huyo wa kinanda."
Yumo tangu zamani, baba.
"Kwenye kanda ile ile?"
Ile ile.

Alizigeuza mwenyewe. Kodiani.
Akazigeuza tena. Kinanda, na mtu akikohoa mbali.
Akawa anaula wimbo mmoja kwa mafungu mawili,
kwi, kwi, plastiki ikilia kila mara,
na mimi na kalamu yangu na nyota zangu tano
sijui nizigawe vipi.

Nikaandika: waya, mita mbili.
Unatosha toka kompyuta hadi kiti chake.
Hautoshi kufika jikoni,
ambako mkate unaungua.